Ratiba ya Siku Sita: Mafumbo ya Mtihani wa Sheria wa Marekani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Yamechapwa kama yalivyosemwa, ila salamu zimepunguzwa.)



Barua niliyoandikiwa ilinitaka nizungumze juu ya elimu na utumishi wa umma. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti mada hiyo nitaiweka kando, maana vijana hawa wamekwisha kuisikia mara nyingi, na nina hakika wataisikia tena usiku wa leo endapo chakula kitachelewa. Mimi nitazungumza juu ya mafumbo. Na si mafumbo ya watoto ya kutega na kutegua, bali mafumbo ya ratiba, ambayo kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini yalikuwa yakiamua nani aingie chuo cha sheria katika nchi ya Marekani na nani abaki nje.

Kwanza nieleze mtihani wenyewe. Hapa kwetu kijana akimaliza Kidato cha Sita na matokeo yakawa mazuri, huweza kuingia moja kwa moja katika masomo ya shahada ya sheria, na akitaka kuwa wakili huendelea na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Wamarekani hawafanyi hivyo. Kwao sheria husomwa baada ya mtu kupata shahada ya kwanza, na shahada hiyo yaweza kuwa ya kilimo, ya muziki au ya uhandisi. Basi vyuo vyao vya sheria vilipata taabu: vitawalinganishaje mtu wa muziki na mtu wa uhandisi? Ndipo vyuo vya Columbia, Harvard na Yale viliposhirikiana na wenzao kuanzisha mtihani mmoja wa kupima akili ya hoja, usiouliza sheria hata chembe. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na jina lake kwa kifupi ni LSAT. Vyuo vingi vya Canada navyo huutaka. Tangu mwaka 1991 alama zake huanzia 120 na kuishia 180, jambo ambalo daima limenichekesha kidogo, kwa kuwa hata aliyekosa kila kitu hutoka na mia na ishirini mfukoni.

Mwaka 1982 iliingizwa katika mtihani huo sehemu ya mafumbo. Katika miaka ya baadaye sehemu hiyo ilikuwa na mafumbo manne, yenye maswali kama 23 kwa jumla, na muda uliotolewa ni dakika 35. Gawanyeni wenyewe: dakika nane na sekunde arobaini na tano kwa kila fumbo, kusoma na kujibu pamoja. Aghalabu fumbo lilikuwa la ratiba. Kuna watu saba watakaohojiwa, au magari sita yatakayotengenezwa, au wahadhiri watano watakaozungumza, na kila mmoja apangiwe siku yake kwa kufuata masharti. Kisha unaulizwa.

Mimi sikuufanya mtihani huo. Kitabu cha mitihani yake iliyopita, ambayo huchapishwa na kuuzwa hadharani, kilinifikia kwa rafiki tuliyekaa naye bweni moja chuo kikuu, aliyekuwa akijiandaa kwenda Canada. Rafiki alikwenda, kitabu kikabaki. Tangu hapo nimeyafumbua mafumbo hayo jioni nyingi, nami naweza kusema bila kusita kwamba yamenisaidia kazini kuliko semina kadhaa nilizolipiwa posho.

Sasa tulifumbue moja. Nimelitunga mwenyewe kwa mfano wa yale ya Marekani, ila nimeweka mambo ya shule hii ili tusipoteze muda kutamka majina ya wageni. Naomba kijana mmoja ashike chaki.

Vyama sita vya wanafunzi vinataka kutumia ukumbi huu juma lijalo, kimoja kila siku, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Vyama vyenyewe ni Historia, Kwaya, Mdahalo, Ngoma, Skauti na Tamthilia. Masharti ni manne. La kwanza, Kwaya itangulie Mdahalo, si lazima iwe siku ya jirani. La pili, Historia ipewe siku inayofuata mara baada ya Mdahalo, kwa sababu meza zao ni zile zile. La tatu, Ngoma na Tamthilia zipewe siku mbili zinazofuatana, yoyote ikianza, kwa kuwa jukwaa litakuwa limepangwa. La nne, Ngoma isiwe Jumatatu.

Mwanafunzi asiyezoea atafanyaje? Ataanza kupanga. Ataweka Kwaya Jumatatu, Mdahalo Jumanne, ataendelea hivyo mpaka afike mwisho, na akikwama atafuta aanze upya. Hiyo ndiyo njia inayokuja yenyewe, na ndiyo inayowaua watu. Vitu sita huweza kupangwa kwa njia 720. Vikiwa saba, njia ni 5,040. Vikifika kumi, njia zimepita milioni tatu na laki sita. Hakuna penseli itakayoshindana na hesabu hiyo kwa dakika nane.

Anayejua haanzi kwa kupanga. Huanza kwa kuyasoma masharti na kuyaunganisha, akitazama linapokutana hili na lile. Sharti la kwanza linasema Kwaya kabla ya Mdahalo. La pili linasema Mdahalo na Historia wameshikana mikono. Yaunganisheni: tumepata mnyororo mmoja, Kwaya, halafu baadaye Mdahalo akifuatwa papo hapo na Historia. Basi kabla ya kuulizwa swali lolote tumekwisha kujua kwamba Kwaya haiwezi kuwa Ijumaa wala Jumamosi, kwa sababu nyuma yake lazima pawe na siku mbili. Mdahalo hauwezi kuwa Jumatatu, wala hauwezi kuwa Jumamosi. Historia haiwezi kuwa Jumatatu wala Jumanne. Hayo yote hayakuandikwa popote katika masharti, lakini yamo.

Tazameni tena. Jumatatu nani anaweza kufungua ukumbi? Mdahalo la, Historia la, Ngoma imekatazwa na sharti la nne. Wamebaki watatu tu: Kwaya, Skauti au Tamthilia. Andika hapo pembeni ya ubao, kijana, utayahitaji.

Sasa mtauliza, mbona Skauti hawakutajwa katika sharti hata moja? Naam, hapo ndipo penye utamu. Katika mafumbo haya, yule asiyetajwa husemekana yuko huru, na mtahiniwa mvivu humwacha akizurura. Lakini chungulieni. Tuseme Skauti wapewe Ijumaa. Baada ya Ijumaa imebaki siku moja, Jumamosi. Siku moja haitoshi kuwapokea wawili walioshikana, iwe ni Mdahalo na Historia au Ngoma na Tamthilia, na hatuwezi kumweka mmoja huku na mwenzake kule, Skauti wakiwa katikati. Asiye na mwenzi ni Kwaya peke yake. Kwaya ikiwa Jumamosi, itakuwa nyuma ya Mdahalo, na sharti la kwanza limevunjika. Kwa hiyo Skauti, ambao hakuna aliyewagusa, hawawezi kamwe kuwa Ijumaa. Siku zile nyingine tano zote wanaweza. Ijumaa peke yake wamefungiwa mlango. Nikiwaambieni kwamba nilipoliona jambo hili wakati nalitunga fumbo nilinyanyuka kitini, msinicheke.

Na Jumatano je? Wakiwa Jumatano, mbele yao zipo siku mbili, nyuma tatu. Siku mbili za mbele zinataka jozi moja iliyoshikana, maana Kwaya pamoja na nusu ya jozi haiwezekani. Jozi ipi? Mdahalo na Historia haiwezi, kwa sababu Kwaya haijapita. Ni Ngoma na Tamthilia, na kwa kuwa Ngoma haitakiwi Jumatatu, Tamthilia itakuwa Jumatatu na Ngoma Jumanne. Halafu Skauti. Zimebaki siku tatu, nazo zinaenea mnyororo wetu sawasawa: Kwaya Alhamisi, Mdahalo Ijumaa, Historia Jumamosi. Neno moja tu, yaani Skauti Jumatano, na ratiba nzima ya juma imejiandika yenyewe.

Kwa masharti manne mapatano 720 yameshuka hadi 21. Nimeyahesabu, na mwalimu wa hisabati aliyekaa pale nyuma na kalamu mkononi anaruhusiwa kunihakiki. Ninyi mnaolalamika kila siku juu ya sheria nyingi za bweni, zingatieni kwamba katika fumbo sharti ni rafiki. Fumbo lenye masharti machache ndilo gumu, kwa sababu halikupi mahali pa kushika.

Nisikae sana juu ya ufundi wa kujibu, ila yako mambo mawili matatu ya kufaa. Swali la kwanza la kila fumbo aghalabu lilikuwa linatoa ratiba tano, na kuuliza ni ipi inayokubalika. Hapo mtu hasomi ratiba moja moja akiipima kwa masharti yote. Hushika sharti la kwanza akashuka nalo ratiba zote tano, akafuta zinazolivunja. Akashika la pili, akafuta. Mpaka ibaki moja. Ni kazi ya dakika moja. Pia, ratiba uliyoipata kwa jasho katika swali la tatu usiifute, kwa kuwa swali la tano laweza kuuliza kama jambo fulani linawezekana, na kumbe umekwisha kuliona likitendeka. Tena katika mtihani ule kukosa hakupunguzi alama, basi kuacha nafasi tupu ni kutupa chakula.

Lililo kubwa zaidi ni maneno matatu: lazima, yawezekana, haiwezekani. Maswali yote ya sehemu ile yalizunguka hapo. Ukiulizwa kama Ngoma yaweza kuwa Jumamosi, unatakiwa kuleta mfano mmoja tu: Kwaya, Mdahalo, Historia, Skauti, Tamthilia, Ngoma. Masharti yote yametimia, swali limekwisha. Lakini ukiulizwa kama ni lazima Ngoma iwe Jumamosi, mifano hata kumi ya kukubali haikusaidii kitu. Unachotafuta ni mfano mmoja wa kukataa. Watu wazima wenye vyeo hulichanganya hili kila siku mikutanoni. Mmoja husema jambo fulani linaweza kutokea, na mwenzake humjibu kwa hasira kwamba si lazima litokee, wakabishana hadi saa ya chai ilhali hawapingani hata kidogo.

Kisha liko neno "ikiwa". Tumeona kwamba ikiwa Skauti ni Jumatano, basi Kwaya ni Alhamisi. Hilo ni la hakika. Je, tukiambiwa Kwaya ni Alhamisi, tuseme Skauti ni Jumatano? Vijana wengi hapa wanatikisa vichwa kukubali. Hasha! Wekeni Skauti Jumatatu, Ngoma na Tamthilia Jumanne na Jumatano kwa utaratibu wowote, Kwaya Alhamisi, Mdahalo Ijumaa, Historia Jumamosi. Hakuna sharti lililovunjika. Kauli haikugeuzika. Kinachoweza kugeuzwa ni ukanusho wake: kama Kwaya si Alhamisi, basi Skauti hawako Jumatano. Hiyo ni kweli siku zote. Mvua ikinyesha uwanja huloa. Uwanja ukiwa umelowa, huenda mtunza bustani amesahau kufunga bomba. Uwanja ukiwa mkavu, mvua haikunyesha. Ni mambo ya kawaida mno yakisemwa juu ya mvua. Yakisemwa juu ya waraka wa serikali huwa magumu ghafla.

Nitatoa kisa. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, waraka ulieleza kwamba mjane wa mtumishi akileta cheti cha ndoa, madai yake yapokelewe. Akaja mama mmoja, mumewe alikuwa mlinzi kwa miaka mingi. Cheti hakuwa nacho. Ndoa yao ilikuwa ya kijijini, ya zamani, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Alikuwa na kiapo cha mahakama. Karani akamwambia arudi na cheti. Akarudi bila cheti, akarudishwa. Akaja mara ya tatu, akarudishwa tena, na kila safari ni basi la siku nzima. Karani hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa akitafuta kitu kidogo. Alikuwa kijana mwenye shahada, mwenye adabu, aliyemwamkia yule mama kwa unyenyekevu kila alipokuja. Tatizo lake lilikuwa kwamba alisoma "akileta cheti yapokelewe", na kichwani mwake ikageuka kuwa "asipoleta cheti yasipokelewe". Waraka haukusema hivyo. Ulisema nini kitendeke cheti kikiwapo, na aya mbili chini yake ulisema kwamba pasipo na cheti, kiapo cha mahakama kipokelewe. Karani hakufika huko kwa sababu aliona swali limekwisha kujibiwa.

Jalada liliponifikia niliketi naye, tukausoma waraka kwa sauti neno kwa neno, nikamchorea kwenye karatasi kama tulivyochora hapa. Alielewa kwa dakika tano. Yule mama alipokelewa siku hiyo hiyo. Nauli ya safari tatu hakuna aliyemrudishia. Laiti waraka ungesema "ikiwa tu ataleta cheti", karani angekuwa sahihi na mama asingekuwa na haki. Neno moja dogo "tu", lenye herufi mbili. Ninyi mnaotaka kuwa wanasheria, makatibu, mahakimu, au hata wenyeviti wa vijiji, maisha ya watu yatakuwa yakining'inia katika herufi mbili za namna hii. Ndiyo sababu nimewaletea mafumbo, wala si kwa ajili ya kuwachangamsha.

Yako maneno yanayosemwa kwamba mafumbo haya ni ya wenye akili za kuzaliwa. Katika mtihani wote ule, sehemu ya mafumbo ndiyo iliyojulikana kuwa inafundishika kuliko nyingine. Mtu aliyeanza kwa kupata nusu, akifanya mazoezi miezi michache, aliweza kuyakaribia yote. Lugha yake ilikuwa nyepesi, sentensi fupi fupi, hakuna misamiati ya kujivuna. Kijana wa Kiafrika aliyeogopa habari ndefu za kusoma kwa Kiingereza aliweza kupumua hapo. Lakini jambo hilo lina upande wake wa pili: kinachofundishika huuzwa. Huko Marekani ilizuka biashara kubwa ya masomo ya kujiandaa, na mwenye pesa alinunua miezi ya mazoezi ambayo mwana wa mfagiaji hakuweza kuinunua.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe ilinibidi nifikiri sana. Nimesema mafumbo haya "yalikuwa" yakiamua. Hayaamui tena. Mtihani wa Juni 2024 ulikuwa wa mwisho kuwa nayo. Kuanzia Agosti 2024 sehemu hiyo imeondolewa, na mahali pake pamewekwa sehemu ya pili ya kupima hoja kwa maelezo. Sababu si kwamba mafumbo yalionekana hayana maana. Sababu ni kesi.

Mtu mmoja wa jimbo la Michigan, asiyeona, alitaka kusoma sheria. Sehemu nyingine za mtihani angeweza kuzifanya kwa kusomewa au kwa maandishi ya nukta nundu. Lakini mafumbo, kama mlivyoona hapa ubaoni, watu huyafumbua kwa kuchora: mistari sita, herufi, mishale, kufuta na kuandika. Watunga mtihani hawakumlazimisha mtu yeyote kuchora. Hata hivyo kila mwalimu wa masomo hayo na kila kitabu kilifundisha kuchora, na asiyechora aliachwa nyuma na saa. Akashitaki. Shauri lake la kwanza halikufanikiwa. Likafunguliwa lingine dhidi ya baraza linaloendesha mtihani, na mwaka 2019 pande mbili zikapatana: baraza lipewe miaka minne kutafuta namna nyingine ya kupima akili hiyo. Mwaka 2023, miaka minne ilipotimia, baraza likatangaza kwamba mafumbo yatatoka.

Niliposoma habari hizo nilisikitika, kama mtu anayesikia kwamba kiwanja alichochezea mpira kimejengwa maduka. Nikajiuliza: je, haki ya mtu mmoja yatosha kuondoa kitu kilichowafaa maelfu?

Ndipo nikamkumbuka mwenzetu mmoja wa chuo kikuu, naye haoni, tuliyezoea kumsomea magazeti bwenini. Usiku mmoja nilimsomea fumbo moja kutoka kitabu kile. Hakuomba karatasi. Aliomba bao. Tulikuwa na bao la kete pale ukumbini, akachagua mashimo saba ya safu moja kuwa siku, akatafuta vitu saba visivyofanana kwa kugusa: punje ya hindi, kifungo, kizibo cha soda, kipande cha chaki, ufunguo, sarafu na kete moja. Akanitaka nimsomee masharti mara mbili. Kisha akaanza kuhamisha vitu shimo kwa shimo, midomo ikichezacheza. Vile viwili vilivyotakiwa kufuatana alivifunga pamoja kwa uzi aliouchomoa kwenye blanketi! Alipata maswali yote sita. Mimi katika fumbo lile lile nilikuwa nimepata matano.

Lakini alitumia dakika ishirini na mbili, na mtihani unatoa nane na sekunde zake. Nani kati yetu alikuwa na akili bora ya ratiba? Saa ya mtihani ingesema ni mimi. Na iwapo kipimo chasema hivyo, basi kinachopimwa si kile tulichodhani. Mtahiniwa asiyeona aliweza kuongezewa muda, hilo ni kweli, na huenda wako watakaosema lingetosha. Mimi sidhani. Katika bao yule mwenzetu alibuni mwenyewe chombo chake usiku ule ule, ilhali wenye macho tulikuwa tumefundishwa chombo chetu kwa vitabu na miaka. Muda wa ziada haulipi pengo la namna hiyo.

Kwa hiyo naona baraza lilitenda haki kuyaondoa mafumbo mlangoni. Mlango wa chuo ni kitu kimoja na uwanja wa mazoezi ni kitu kingine. Kitu chaweza kufaa sana kukuza akili kisifae kuitumia kumzuia mtu asiingie, na shule zetu, ambazo tangu zamani zimependa mno kugeuza kila zoezi kuwa mtihani, zingefanya vema kulifikiri hilo. Mafumbo yamepoteza cheo chake Marekani; utamu wake haukupungua. Vitabu vya mitihani iliyopita bado vipo, maelfu ya maswali, na sasa mtu aweza kuyafumbua bila saa.

Nimekwisha kuongea na Mwalimu wa Taaluma. Kitabu changu, ambacho jalada lake limetoka na kurasa kumi za mwisho zimeliwa na mende, nimekileta na nitakiacha maktaba. Pamoja nacho nimeleta bao moja na mfuko wa vitu saba visivyofanana kwa kugusa, kwa maana naambiwa mwaka huu shule imepokea wanafunzi wawili wasioona katika Kidato cha Tano. Uzi nimeweka pia. Na kwa kuwa nimeona wengi wenu mnanakili ubao, nitawaacha na swali moja juu ya ukumbi wetu. Masharti ni yale yale manne. Tukiambiwa Historia ni Alhamisi, ziko ratiba ngapi zinazowezekana? Hazifiki tano. Zitafuteni zote, na kwa kila chama mniambie kipi kimeshikwa na "lazima" na kipi kina "yawezekana". Mwenye jibu amwone Mwalimu wa Taaluma kabla ya chakula, ninayo bahasha ndogo.